Kimana mpaka Kitengela na petroli ya kuhesabu: vile mama mkwe alitufikisha hospitali

Wakuu, supa. Kwa wale wa Kitengela, Isinya, Kajiado town na Rongai, na ndugu zetu wa kule chini Kimana na Loitokitok, natumaini mmeamka vizuri.

Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Lakini juzi kuna mtu aliuliza humu kama ni kweli gari moja, tenki moja, barabara moja, inaweza kwenda mbali zaidi kwa sababu tu ya dereva. Watu wakamwambia anunue baiskeli.

Mimi sikucheka. Nilikuwa ndani ya gari kama hiyo, na mtoto wangu alikuwa kiti cha nyuma.

Naandika vile mambo yalikuwa. Pale nimesahau nitasema nimesahau. Sina gari ya kuuza na sina course ya kufundisha.

Kwanza mjue watu.

Mimi nashona uniform za shule hapa Kitengela. Nimezaliwa Murang'a, nimeolewa kwa Wamaasai wa Kimana. Mzee wangu ni fundi wa solar, na kazi yake inampeleka Turkana, anakaa huko wiki baada ya wiki. Tuko na binti mmoja, tumwite Shipae. Wakati huo alikuwa Grade Two.

Halafu kuna mama mkwe. Kwetu sisi sote, hata mimi, tunamwita Koko, yaani nyanya, ingawa uso kwa uso mimi humwambia Mama. Ni mwalimu mstaafu wa science, mrefu, mkimya. Ni mtu wa shuka na raba. Akikuuliza swali anangoja jibu mpaka ulipate, vile walimu wa zamani walikuwa.

Koko hakuwa dereva maisha yake yote. Gari ilikuwa ya marehemu baba mkwe, Probox nyeupe, ya manual. Mzee alipotuacha, ilikaa pale nyumbani miezi, kuku wakitafuta kivuli chini yake.

Ndugu za marehemu wakaja kwa heshima, wakanywa chai, wakasema afadhali iuzwe kwa sababu hakuna wa kuiendesha. Koko akawaongeza chai. Akasema, "Iacheni kidogo. Nataka kujifunza."

Hawakumpinga. Nafikiri waliona ni huzuni, itapita.

Haikupita. Alienda driving school Loitokitok, akakaa darasani na vijana wa rika la wajukuu. Alipita mtihani mara ya kwanza. Gari ilikuwa na kitabu chake ndani ya dashboard, lakini chote ni Kijapani, kwa hivyo Koko aliangalia tu picha. Mengine alijifunza kwa masikio. Siku moja aliniambia kwa simu, "Hii injini ukiikimbiza inalia, ukiiachilia inanyamaza. Sasa mtu hulia namna hiyo bila kuchoka? Ikilia inakula."

Pale sokoni Kimana walimbandika jina, Mwalimu Pole. Hata boda zilikuwa zinampita. Yeye aliitika hilo jina kama salamu.

Sasa kwa mambo yenyewe.

Shipae alikuwa na shida ya kulala. Alikuwa anakoroma kama mtu mzima, halafu ghafla ananyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndio kulikuwa na shida. Unahesabu moyoni, unangoja, halafu anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu ametoka kwa maji. Mzazi ambaye amewahi kusikia hiyo kimya anaijua.

Daktari akasema ni tonsils na nyama za pua, zitolewe. Lakini daktari mwenyewe wa watoto hukuja Kitengela siku chache tu, halafu anaenda kwingine. Tulingoja nafasi yetu muda mrefu. Mara ya kwanza Shipae alishikwa na homa, ikaahirishwa. Mara ya pili ndiyo hii. Sister wa pale hospitali aliniambia wazi: mtoto aingie wodi siku ya kabla, kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi inapewa mwingine na sisi tunarudi mwisho wa foleni.

Kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nilimpeleka Shipae Kimana apumzike hewa safi, halafu turudi na Koko anisaidie kumwangalia baada ya operation. Tulienda na shuttle, kwa sababu gari yetu ya Kitengela sijawahi kuitoa nje ya town. Mpango ulikuwa turudi na shuttle.

Halafu mafuta ikapotea.

Mnakumbuka kile kipindi. Kila petrol station iko na ile koni nyekundu mbele ya pump. Mara ya kwanza nilidhani ni Loitokitok peke yake. Kumbe ni kila mahali. Jioni ya kabla ya kusafiri, mwenye shuttle akanipigia simu, akaniomba msamaha kwa upole kabisa, hatatoka kesho. Nikapigia wengine wawili. Hakuna.

Niliketi kwa kile kibenchi cha nje, simu mkononi, nikalia. Si kulia kwa sauti. Machozi tu yanatoka.

Koko akatoka jikoni. Hakuniuliza nalilia nini, alikuwa amesikia. Akaenda kwa gari, akawasha switch bila kuwasha injini, akaangalia mshale wa mafuta, akarudi.

"Iko robo na kidogo," akasema.

Nikamwambia, "Mama, robo haifiki Kitengela. Baba Shipae aliendesha hii gari Krismasi, alisema inakula."

"Ilikuwa inakula na yeye," akasema. "Mimi hainijui hivyo." Akafikiri kidogo. "Siahidi kwamba tutafika. Tukikaa hapa, najua hatufiki."

Jua lilikuwa bado halijazama na akaanza kazi.

Alitoa magunia ya vitunguu nyuma. Akatoa jeki ya pili, chuma za fence ambazo marehemu aliweka huko miaka hiyo, mitungi ya maji, akabakisha mmoja mdogo wa kunywa. Kuna keria juu ya gari, ile ya kubebea kreti za nyanya. Akaita jirani na spana, wakaitoa yote. Mimi nikauliza keria tupu inasumbua nini, si ni chuma tu. Akaniuliza, "Ukikimbia na mwavuli umefunguliwa, unasikiaje?"

Asubuhi, kabla ya kitu kingine, tulipitia kwa fundi wa puncture. Tairi zilikuwa zinaonekana sawa kwa macho yangu. Koko akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha fundi ile karatasi imebandikwa pale inasema presha, akamwambia weka hiyo, si ya kukisia. Zote nne zilikuwa chini. Fundi mwenyewe akashangaa.

Tukaomba. Tukaondoka. Mlima ulikuwa wazi, theluji yote inaonekana, na Shipae akaupungia mkono.

Wakuu, sijawahi kuketi kwa gari inaendeshwa vile.

Mnajua sisi wengi tunaendesha vipi. Unakanyaga mafuta, unamfikia mtu, unakanyaga breki, unampita, unakanyaga tena. Koko alipanda gia mapema, moja, mbili, tatu, nne, injini haijapandisha sauti, halafu akaketi kwa mwendo mmoja. Sio pole ya kuudhi. Ni mwendo wa mtu anajua anaenda wapi. Mguu wake kwa mafuta haukuwa unacheza kabisa.

Kitu kingine, alikuwa anaangalia mbali sana. Karibu na Mbirikani niliona vumbi huko mbele, sikuelewa. Yeye akatoa mguu kwa mafuta, gari ikaendelea kwenda yenyewe ndani ya gia, ikapungua polepole. Tulipofika, ni ng'ombe walikuwa wanavuka, na wa mwisho alikuwa anamaliza. Hakugusa breki. Mchungaji akainua fimbo kutusalimia, na Koko akaendelea na safari kama hakuna kitu kilitokea.

Nikamwambia, "Mama, uliwaona saa ngapi?"

"Niliona vumbi. Vumbi halitembei peke yake." Halafu akasema maneno nimeyashika mpaka leo. "Breki ni mafuta umeshalipa halafu unayatupa. Mara nyingine lazima utupe, mtoto akitokea barabarani utakanyaga yote. Lakini usitupe kwa kutoangalia."

Mahali kuna mteremko mrefu nikafikiri nimsaidie na akili zangu. Nikasema aweke free, yaani atoe gia, gari iteremke bure. Kila mtu anasema inasaidia, si ndiyo?

Akatikisa kichwa. "Gari ikiwa free kwa mteremko, huna gari, uko na jiwe. Na hii injini ukiacha mguu ikiwa kwa gia, inafunga mafuta yenyewe. Ukiweka free inabidi inywe ndiyo isizime." Mimi sikujua hiyo. Nimeuliza fundi baadaye, ni kweli kwa hizi gari za injection.

Kulikuwa na lori mbele yetu pia. Nikasema tujifiche nyuma yake, upepo usitupige. Akakataa hiyo pia. "Nyuma ya lori huoni mbele, na mtoto anavuta moshi wake." Akabaki mbali, lori ikatuacha polepole mpaka ikaisha machoni.

Tulifika Emali mshale uko chini ya robo, lakini si vile nilikuwa naogopa. Nikaanza kupumua.

Hapo Emali ndio nilikosana naye kidogo.

Kulikuwa na foleni ya magari kutoka petrol station mpaka nje barabarani. Watu wanasema lori ya mafuta iko njiani. Mimi nikasema tupange foleni, tukae hata masaa, tujaze, tuende kwa amani. Koko akaegesha pembeni na kuzima injini. Akashuka akaenda kuuliza.

Nilikaa kwa gari na Shipae. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Magari mengi kwa foleni yalikuwa yamewashwa, yananguruma hapo hapo, na ile harufu ilikuwa inaingia kwetu. Shipae akaanza kukohoa. Nilifunga vioo, ikawa joto. Nikafungua, moshi. Sikujua nifanye nini.

Koko akarudi akamkuta mtoto anakohoa. Pembeni yetu kulikuwa na pickup, kijana ndani anasikiliza muziki na AC. Koko akaenda kwa dirisha lake, akamsalimia vizuri, akamuuliza nyumbani ni wapi. Kijana akasema Loitokitok. Halafu Koko akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kijana wangu, unangoja petroli huku ukiimaliza?"

Yule kijana akaangalia foleni, akacheka mwenyewe. Akazima. "Mama, umenishika," akasema. Akashuka akaenda akamwambia wa mbele yake, na huyo akazima. Sitawadanganya kwamba foleni yote ilizima. Lakini upande wetu kulinyamaza, mpaka ukasikia mbuzi wa ng'ambo ya barabara. Shipae akaacha kukohoa.

Nikauliza Koko wamesemaje huko pump.

"Wanasema lori imetoka. Nikauliza nani ameiona. Hakuna ameiona."

"Lakini Mama, tukiacha hii na tusipate ingine?"

Wakuu, hapo ndio niliona uso wake ukibadilika. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Alishika usukani bila kuwasha gari, akakaa.

"Mama Shipae," akasema, "huyu ni mjukuu wangu. Mimi pia nimemsikia usiku akinyamaza. Hii barabara naijua na hii gari naijua. Lori siijui. Mimi naona twende. Lakini wewe ndiye mama yake. Sema."

Nikamwangalia Shipae kwa kioo. Nikasema twende.

Tukaendelea na barabara ya Mombasa, kuelekea Nairobi. Malori kidogo, siku hiyo hata barabara kuu ilikuwa imepungua watu. Tukapita vizuri mpaka karibu Sultan Hamud, halafu nikaona Koko anabadilisha gia na kukunja uso. Akaingia pembeni mahali pazuri pa kusimama, akazima.

"Goti limekataa," akasema.

Goti la kushoto, lile la clutch. Alikuwa na shida nalo muda mrefu na hakuwa ametuambia. Lilikuwa limefura, naliona chini ya shuka. Akajaribu kukanyaga tena, akashindwa.

"Uko na licence," akasema.

Niko na licence. Lakini tangu nipite mtihani nimeendesha automatic, tena hapa town, kanisani na sokoni. Manual nilikuwa nimeisahau. Tukabadilishana viti.

Mara ya kwanza gari ilizima. Mara ya pili ikaruka kama mbuzi. Shipae akacheka nyuma. Koko akangoja, vile mwalimu hungoja. Mara ya tatu ikaenda.

Na hatujafika mbali, ile taa ya njano ya petroli ikawaka.

Sijui kama mmewahi kuendesha na hiyo taa mkiwa na mtoto mgonjwa na vilima vya Salama viko mbele. Mguu wangu ukataka kukanyaga, nifike haraka kabla iishe. Ndiyo akili ya uoga, inakuambia kimbia. Koko akaweka mkono wake kwa bega langu, polepole.

"Taa haijasema imeisha. Imesema kumbuka. Punguza."

Nikapunguza.

Kwa kilima nikataka kushikilia mwendo. Akaniambia, "Acha ipoteze kidogo. Kilima hakikudai spidi. Juu utairudisha." Malori yalitupita, mengine yakipiga honi. Nikajisikia mdogo barabarani. Lakini baada ya kilima cha pili au cha tatu, sikumbuki, nikaanza kuisikia. Ile injini. Nikikanyaga zaidi inalia, nikiachilia inanyamaza, na katikati kuna mahali inaenda tu, bila kulalamika. Nikapashika hapo mahali. Koko akasikia pia, kwa sababu alitoa mkono kwa bega langu, akaegemea kiti, akafunga macho.

Kwangu hiyo ilikuwa cheti.

Njiani nilimuuliza kwa nini aliamua kuendesha hivi tangu mwanzo, kabla hata ya shida ya mafuta. Nilidhani atasema ni kuokoa pesa, maana pension ya mwalimu mnaijua.

Akafungua macho, akaangalia nje. Halafu akasema, "Mwaka ule wa ukame tulizika ng'ombe mpaka tukaacha kuzika. Marehemu hakupona ile huzuni. Nilikuwa nafundisha watoto habari ya moshi na hewa na mvua miaka yote, kwa ubao, kama hadithi ya mahali pengine. Sasa hii gari, petroli inaingia mbele inatoka nyuma ikiwa moshi. Nikichoma kidogo, natoa kidogo. Sijui ule ukame ulikuwa moshi wa nani. Lakini huu ni wangu."

Niliendelea kuendesha.

Kutoka Malili barabara inakuwa tambarare na roho yangu ikatulia kidogo. Tukaona Athi River. Nikaanza kusema asante Mungu kwa sauti. Halafu tukaingia barabara ya Kitengela, na huko kukawa na jam. Wa Kitengela mnajua hakuna haja nieleze. Magari yanatafuta mafuta, yamejipanga barabarani kuelekea station moja yenye ilikuwa inauza, na sisi tumekwama katikati, tunasogea hatua tunasimama.

Hapo niliona nitalia tena. Umbali wa kutembea kwa mguu, na gari inaweza kuzimika.

Koko akasema, "Kama hutasogea sasa hivi, zima. Ikisogea sana ndiyo uwashe. Usiwafuate kila hatua." Nikafanya hivyo. Nikaacha nafasi mbele yangu ikue, watu nyuma wakapiga honi, mmoja akashuka kuja kunitukana, akaona mtoto na mama mzee na goti limefura, akarudi kwa gari yake.

Tuliingia geti ya hospitali saa tisa na nusu hivi.

Mimi nilitaka sana niwaambie kwamba gari ilizima pale pale getini, hadithi iwe tamu. Haikuzima. Niliiegesha vizuri nikaizima mwenyewe. Kesho yake watchman aliomba isogezwe, na ikawaka. Sijui ilikuwa inakula nini.

Shipae aliingia wodi. Asubuhi akaingia theatre, mimi na Koko nje kwa benchi, mguu wake juu ya kiti kingine na barafu ya kuazima jikoni ya hospitali. Baba yake alikuwa kwa simu kutoka Turkana, hataki kukata. Daktari akatoka akasema imeenda vizuri.

Siku tulirudi nyumbani, Shipae alilala mchana baada ya ice cream. Nikaenda kumwangalia kwa sababu nyumba ilikuwa kimya sana. Nikamkuta Koko amefika kabla yangu, amesimama mlangoni na goti lake bovu, anasikiliza. Mtoto anapumua polepole, sawasawa, bila sauti. Tulisimama hapo sisi wawili muda mrefu.

Tangu hiyo siku naendesha tofauti. Sijifanyi mtaalamu. Naangalia presha ya tairi, nimetoa takataka kwa boot, nazima nikingojea mtoto kwa geti ya shule. Naangalia mbali. Baba Shipae alirudi akasema naendesha kama mama yake, akidhani ananitania. Baada ya mwezi akaniuliza kwa nini gari yetu siku hizi inajazwa mara chache. Nikamwambia apigie mama yake simu.

Funzo langu ni hili, wakuu. Mimi nilikuwa nadhani kuendesha vizuri ni ujasiri. Koko alinionyesha ni subira na macho. Tena nilimwona akiogopa pale Emali, na bado hakuharakisha. Mimi uoga wangu ungetumalizia mafuta kabla ya Salama. Na nimefurahi kwamba nimeolewa kwa boma yenye mwanamke kama yeye, niseme hapa kwa sababu uso kwa uso angeniambia niache maneno niende nikashone.

Goti lilitibiwa, sasa liko sawa. Kule Kimana anafundisha wajane wawili wa kanisani kwao kuendesha, kwa ile ile Probox, na wale ndugu za marehemu ndio humwombea lifti kwenda Loitokitok.

Sasa mchango wenu. Mwenye ameokoa mafuta kwa njia yake aseme, na mwenye anadhani nimetia chumvi pia aseme, sitakasirika.

Lakini niko na swali la kweli. Koko amesikia kuhusu hybrid, ile gari ya petroli na betri, na anataka kujua kama itavumilia joto na vumbi ya Kimana, na betri ikichoka fundi wake anapatikana wapi karibu. Mwenye anayo huku kwetu Kajiado anijibu bila kumfurahisha, aseme mazuri na mabaya. Amekuja kututembelea, ako hapa sitting room, amevaa miwani, anangoja nimsomee.